Kusafisha Picha Ghafi za Sinema: Uchaguzi wa Programu kwa Ajili ya Filamu za Darasani

Makala hii yakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi ambaye, ama kwa kupenda ama kwa kujikuta tu, amepata picha za sinema zilizopigwa kwa kamera ya kidijiti na kuachwa katika hali yake ghafi, naye anatakiwa azigeuze ziwe filamu inayoweza kutazamwa darasani. Haitazungumzia upigaji wenyewe wala uhariri, kwani hayo yana wajuzi wake. Itazungumzia chombo kimoja, yaani programu ya kompyuta inayosafisha picha hizo, na jinsi ya kuchagua inayofaa miongoni mwa nyingi zilizopo.

Huenda mwanachuo akadhani kwamba jambo hili ni la watu wa studio za Dar es Salaam na si la mwalimu wa Mpanda. Nami nilidhani hivyo hivyo mpaka yaliponifika yafuatayo. Miaka michache iliyopita kikundi cha wapiga sinema, waliokuwa njiani kwenda kuwapiga picha viboko wa mto Katuma katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilikaa siku mbili mjini hapa kusubiri gari. Tuliwaomba watupigie somo moja la Darasa la Kwanza, ili wanachuo wetu wapate kielelezo cha kufundisha kusoma. Walikubali. Mwalimu tuliyemchagua alikuwa mama aliyebakiza miezi michache kustaafu, na somo lake siku hiyo lilikuwa tofauti ya silabi «nga» na «ng'a». Kila aliyefundisha darasa la kwanza anajua ugumu wake. Mtoto huandika «ngombe» na kusoma «ngombe», na ukimsahihisha husikia kitu kile kile.

Mama huyo alifanya jambo ambalo sijaliona katika kiongozi chochote cha mwalimu. Mtoto mmoja, aliyekaa kwenye kona ya giza mbali na dirisha, alishindwa mara tatu. Mwalimu hakurudia sauti kwa nguvu zaidi kama wengi tufanyavyo. Alimwendea, akachuchumaa, akamwambia aishike sauti ile mdomoni kama nyuki anayevuma, asiikate. Na mtoto alipoivuta sauti kwa muda ndipo akamwachia irabu. Kisha akarudi ubaoni, akaandika maneno mawili, «ngoma» na «ng'ombe», na kwa ncha ya chaki akaiweka ile alama ndogo ya ritifaa mbele ya macho ya watoto wote. Yote hayo yalipigwa picha.

Wageni walituachia faili zenye ukubwa wa gigabaiti 70 hivi, za dakika 30. Programu tuliyokuwa nayo chuoni haikuzitambua kabisa. Fundi mmoja wa kompyuta alituazima nyingine, ikazifungua, lakini picha zilikwenda kwa kushtuka-shtuka. Mwishoni tukakubaliana azigeuze zote kwa kubonyeza kitufe cha kurekebisha rangi zenyewe kwa zenyewe, azipunguze zitoshe kwenye diski ndogo, kisha zile ghafi zifutwe ili kupata nafasi. Idhini ya kuzifuta niliitoa mimi. Tulipoionyesha filamu ukutani, kona ya mtoto yule ilikuwa nyeusi kama masizi, hata mdomo wake haukuonekana. Na ubao, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa umeungua kwa weupe. Maneno yalisomeka, ila ritifaa ilikuwa imetoweka. Filamu ya kufundisha «ng'ombe» ikawa imeandikwa «ngombe».

Mwalimu yule amestaafu na kurudi kwao. Mtoto sasa anajua kusoma, wala hawezi kushindwa tena kwa namna ile ile. Ritifaa ilikuwamo katika faili ghafi, na mdomo wa mtoto ulikuwamo pia. Kwa nini nasema kwamba vilikuwamo? Ili kulijibu swali hili ni lazima tueleze kwanza picha ghafi ni kitu gani.

PICHA GHAFI NI NINI

Watu wazima wa mji huu wanakumbuka siku ambazo mtu alipigwa picha leo akaambiwa aje baada ya wiki moja, kwa kuwa filamu ilikuwa «haijasafishwa». Picha ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya filamu, lakini haikuonekana mpaka ipitie chumba cha giza na madawa. Msafishaji mzuri na msafishaji mbaya waliweza kuitoa filamu moja kwa sura mbili tofauti. Picha ghafi ya kidijiti ni filamu isiyosafishwa, na programu ndiyo chumba cha giza.

Kamera ya simu hupiga na kusafisha papo hapo. Huamua yenyewe weupe uwe upi na giza liwe kiasi gani, kisha hutupa yale ambayo haikuyahitaji katika uamuzi huo. Kamera ya sinema inayorekodi ghafi huyaacha maamuzi mengi bila kufanywa. Huandika tu kiasi cha mwanga ulioangukia kila kijisehemu cha kihisi, yaani kile kibapa kidogo kilicho nyuma ya lenzi.

Sasa liko jambo ambalo aghalabu huwashangaza wanachuo: kila kijisehemu cha kihisi hicho huona rangi moja tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer, mhandisi wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, alipewa hataza ya mpango wa kufunika vijisehemu hivyo kwa vichujio vya rangi. Katika kila kikundi cha vinne, viwili huwa vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Mpango huo ndio unaotumika katika kamera nyingi hata leo. Kwa hiyo mahali palipo kichujio chekundu kamera haijui kabisa kiasi cha kijani wala cha buluu. Programu ndiyo inayokisia kwa kuwatazama majirani.

Jambo hili laweza kufundishwa kwa karatasi ya miraba, nami napendekeza kila mwanachuo alifanye kwa mkono wake kabla ya kugusa kompyuta. Chora miraba minne kwa minne, ukiipaka rangi kwa mpangilio huo. Chukua mraba mmoja mwekundu wa katikati, uwape majirani wake wanne wa kijani thamani 60, 64, 58 na 62. Kijani cha mraba huo ni kiasi gani? Wastani ni 61, na kwa hakika jibu hilo litakuwa karibu na ukweli. Halafu fanya mraba huo uwe kwenye ukingo wa chaki juu ya ubao mweusi. Majirani wawili wamo ndani ya mstari wa chaki na wana 200 kila mmoja. Wawili wamo ubaoni na wana 40. Wastani ni 120. Lakini hakuna kitu chenye 120 mahali hapo! Kuna chaki na kuna ubao. Programu inayokwenda kwa wastani mtupu itatia ukungu katika ukingo, au itauzungushia rangi ya ajabu isiyokuwapo. Programu nzuri huchunguza kwanza mstari unaelekea wapi, ndipo ikakisia kwa kuufuata.

Hapa ndipo tofauti ya programu na programu inapoanzia, na ndiyo maana nasema kwamba kwa mwalimu kipimo cha kwanza si uso wa mtu wala machweo ya jua bali ni herufi ya chaki. Alama ya ritifaa katika picha iliyopigwa kutoka nyuma ya darasa yaweza kuwa na upana wa vijisehemu vitatu au vinne tu. Ukikisia vibaya hapo, imekwenda.

Jambo la pili ni wingi wa ngazi za mwanga. Picha ya kawaida ya video huhifadhi ngazi 256 kwa kila rangi, yaani biti 8. Picha ghafi ya biti 12 huwa na ngazi 4,096. Tuseme kona ya giza ya darasa letu imetumia ngazi 40 za chini kabisa kati ya hizo 4,096. Ukizigawanya kwa 16 tu ili zitoshe katika 256, zile 40 zitabaki mbili au tatu, na uso wa mtoto hauwezi kuchorwa kwa vivuli vitatu. Lakini msafishaji mwenye akili hagawanyi kwanza. Huinua sehemu ya giza, hushusha ile ya ubao unaong'aa, na ndipo hubana. Kitufe cha kurekebisha chenyewe hakijui kwamba kilichomo kona ile ni mdomo wa mtoto anayejifunza kusoma. Kwa kadiri ya hesabu zake kiliona dirisha kubwa na giza kidogo, kikaridhika.

WALIOTUTANGULIA

Si mara ya kwanza kwa nchi hii kusumbuka na usafishaji wa filamu za kuelimishia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara kulikuwa na jaribio la sinema ya elimu lililoongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walipiga filamu za milimita 16 na kuzisafisha huko huko Vugiri, na sauti waliiweka kwenye sahani za santuri, kwa sababu kuitia sauti ndani ya filamu yenyewe kulikuwa na gharama kubwa. Mtu aweza kuyahoji mengi katika kazi yao, hasa mawazo waliyokuwa nayo juu ya Mwafrika na akili yake, nami nayahoji. Hata hivyo katika ufundi walitanguliza swali lililo sahihi. Hawakuuliza chombo kipi ni bora duniani, bali kipi kitafanya kazi hapa, kwa fedha hizi, na mbele ya ukuta huu.

Liko fundisho jingine, nalo lahusu rangi ya ngozi. Kuanzia miaka ya 1950 na kwa miongo kadhaa, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zililinganisha mitambo yake kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikaitwa kwa jina la Shirley. Nyuso nyeusi zilipotoka bila sura, hasa zikiwa katika picha moja na nyuso nyeupe, watu waliilaumu kamera au mwanga, kumbe kipimo chenyewe kilikuwa kimewekwa kwa mtu mwingine. Sisemi kwamba programu za leo zina kasoro ile ile. Nasema kwamba kila marekebisho yafanywayo na mtambo peke yake yana mtu fulani au kitu fulani aliyewekwa kuwa kipimo, na mwalimu ana haki ya kuweka kipimo chake.

Basi weka chako. Kabla ya somo kuanza, mshikishe mtoto mmoja karatasi nyeupe safi mahali darasa linapokaa, upige sekunde tano. Programu yoyote ya picha ghafi itakuruhusu kuiteua karatasi hiyo na kusema: hii ndiyo nyeupe. Usitumie shati la sare. Vumbi la Mpanda linaijua kazi yake, na shati lililokuwa jeupe Jumatatu ni la rangi ya maziwa ya chai ifikapo Alhamisi. Ukilifanya kuwa nyeupe, darasa zima litageuka buluu.

HESABU YA UKUBWA

Kabla ya kuchagua programu yapasa mwanachuo apige hesabu ifuatayo, kwani ndiyo inayozikataa programu nyingi na kompyuta nyingi kabla hata ya kuwashwa.

Picha moja yenye upana wa vijisehemu 3,840 na kimo cha 2,160 ina vijisehemu 8,294,400. Kila kimoja kikiwa na biti 12, picha hiyo huchukua megabaiti 12.4 hivi. Kwa picha 25 kila sekunde ni megabaiti 311 kwa sekunde. Somo la dakika 30 litakuwa na gigabaiti 560. Hakuna kadi ya simu itakayobeba mzigo huo kwa raha, wala diski za zamani zinazozunguka haziwezi kuusoma kwa kasi inayotakiwa.

Ndiyo sababu kamera nyingi huzibana picha ghafi. Aina iitwayo Blackmagic RAW, iliyotolewa mwaka 2018, huweza kubana kwa uwiano wa 3 kwa 1, 5 kwa 1, 8 kwa 1 au 12 kwa 1. Kwa 8 kwa 1 somo letu huwa gigabaiti 70. Kwa 12 kwa 1 huwa karibu 47. Kwa kazi ya darasani sijaona sababu ya kupiga kwa uwiano mdogo kuliko 8 kwa 1, wala sitamshauri mtu apige ghafi kila somo. Somo lililo nje chini ya mwembe, penye mwanga sawasawa, simu yatosha kabisa. Ghafi ni kwa ajili ya chumba chenye dirisha moja linalong'aa na kona yenye giza, nacho ndicho chumba tulicho nacho mara nyingi.

PROGRAMU ZENYEWE

Swali la kwanza ni aina ya faili, wala si uzuri wa programu. Tazama herufi za mwisho za jina la faili. Zikiwa «braw», hiyo ni Blackmagic RAW. Zikiwa «r3d», ni ya kamera za RED, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2007. Zikiwa «mlv», zimetoka katika kamera ya Canon iliyotiwa programu ya Magic Lantern, ambayo mwaka 2013 iliwezesha kamera za kupigia picha tuli, kama vile Canon 5D Mark III, kurekodi sinema ghafi. Ukikuta folda yenye maelfu ya faili zinazoishia na «dng», hiyo ni CinemaDNG, ambamo kila picha moja ni faili moja. Haifai kuanza kusifu au kulaani programu kabla ya kujua hili. Ile ya kwetu iliyogoma haikuwa mbovu. Tuliitaka isome lugha ambayo haikufundishwa.

Kwa faili za aina hizi, isipokuwa «mlv», programu ninayoishauri kwanza ni DaVinci Resolve. Kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua mwaka 2009, na kwa miaka mingi sasa imekuwa na toleo la bure pamoja na lile la kulipia liitwalo Studio. Toleo la bure hutoa filamu yenye upana hadi 3,840 kwa 2,160, ambayo ni kubwa kuliko projekta yoyote tuliyo nayo. Ina sehemu maalumu ya kusafisha picha ghafi, ambapo unaamua weupe, unainua giza na kushusha mwanga uliozidi, na jambo la maana kuliko yote ni kwamba faili ghafi yenyewe haiguswi. Maamuzi yako huandikwa pembeni. Ukikosea leo, kesho waweza kuanza upya.

Kasoro zake nazo zisemwe. Ni nzito. Waundaji wake wanapendekeza kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na kadi nzuri ya picha, na mashine nyingi za ofisini hazina hivyo. Kuipakua kutoka intaneti ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo mwanachuo asijaribu kwa bando la siku. Na apate mahali penye mtandao wa kutosha, aihifadhi kwenye diski, kisha aipitishe kwa wenzake. Ikishawekwa, toleo la bure hufanya kazi bila intaneti. Hali kadhalika kazi yako huihifadhi ndani ya hazina yake yenyewe, si katika faili unayoiona kwenye folda. Mtu akihamia kompyuta nyingine bila kuitoa kazi hiyo kwanza, atafika na picha ghafi tu, maamuzi yake yote yamebaki nyuma.

Mwenye faili za RED aweza kutumia REDCINE-X PRO, ambayo hutolewa bure na waundaji wa kamera hizo. Mwenye faili za Magic Lantern atumie MLV App, nayo ni ya bure, ni nyepesi, na huzigeuza faili hizo kuwa za aina ambayo programu nyingine za uhariri huielewa. Kwa mwalimu anayenunua kamera iliyokwishatumika, njia hiyo ya pili ni ya bei nafuu, ingawa yadai subira kwa kuwa kamera yenyewe haikuundwa kwa kazi hiyo.

Adobe Premiere Pro inasifiwa sana na vijana wa mjini. Ni programu nzuri ya kuhariri, lakini hukodishwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, hudai kuunganishwa na intaneti mara kwa mara ili ihakikishe malipo, na kwa Blackmagic RAW huhitaji kiungo cha ziada. Mwalimu wa Mishamo au Karema atafanya nini siku leseni inapokataa? Zile nakala zilizovunjwa kufuli ambazo huuzwa kwenye flashi, pamoja na kwamba ni wizi, aghalabu huja na virusi, na virusi hivyo huingia katika diski ile ile yenye masomo yako.

Kuna Kdenlive na Shotcut, ambazo ni programu huria, hufanya kazi hata katika mashine dogo kidogo, nami nazipenda. Lakini mwanachuo asichanganye mambo. Hizo ni za kuhariri, na faili ya «braw» haziifungui. Kazi yake huanza baada ya picha kusafishwa. Watu wengine huniuliza pia juu ya darktable na RawTherapee, ambazo husafisha picha tuli ghafi kwa ustadi mkubwa. Kwa kuwa CinemaDNG ni mfululizo wa picha tuli, zaweza kutumika. Ila sekunde moja ina picha 25, na somo la dakika 30 lina picha 45,000. Zifae kwa sekunde chache za mfano, si zaidi.

Yafaa kukumbuka kwamba hali hubadilika toleo hadi toleo. Aina ya ProRes RAW ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2018, kwa miaka mingi haikufunguliwa na DaVinci Resolve, na waliopiga masomo yao kwa aina hiyo bila kuuliza walijuta. Uliza kabla ya kupiga.

NAMNA YA KUJARIBU

Usichague kwa kusikia. Chukua kipande cha sekunde 30 kutoka katika picha zako mwenyewe, ambacho ndani yake mna dirisha, ubao wenye maandishi, kona ya giza na uso wa mtoto. Wazazi wawe wameombwa ruhusa kabla ya kupigwa picha yoyote. Jambo hilo ni la adabu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si la adabu peke yake. Kipande hicho kisafishe katika kila programu unayoifikiria, kwa kompyuta ile ile utakayoitumia kila siku, si kwa ile ya rafiki iliyo bora zaidi.

Angalia saa. Ikiwa sekunde 30 zimechukua dakika 4 kutolewa, somo zima litachukua dakika 240, yaani saa nne. Je, umeme wa hapo kwako utakaa saa nne? Kama huna hakika, ligawe somo katika vipande vya dakika tano tano, ili umeme ukikatika upoteze kipande kimoja. Kwa faili za Blackmagic RAW kuna kijiprogramu cha bure cha kupimia kasi, ambacho kitakuambia kompyuta yako yaweza kusoma picha ngapi kwa sekunde. Jibu likiwa chini ya 25, usikate tamaa. Iambie programu itengeneze nakala nyepesi, za vijisehemu 1,280 kwa 720, ufanyie kazi hizo, na wakati wa kutoa filamu ya mwisho itairudia ile ghafi.

Faili ghafi ziwe na nakala mbili, katika diski mbili, katika nyumba mbili. Hili si jambo la programu, lakini nimelilipia na sitalinyamazia. Diski haigharimu kama somo lisiloweza kurudiwa.

Baada ya hapo onyesha kile kipande ukutani kwa projekta, chumba kikiwa na mwanga ule ule wa siku ya kufundisha, na mkalishe mwanachuo ambaye hakuwapo wakati wa kupiga kwenye dawati la nyuma. Asome ubao kwa sauti. Kisha aulizwe mtoto wa konani alifanya nini kwa mdomo wake.

Sisi tulifanya hivyo mwaka uliofuata, tulipopiga somo jingine la «ng'a» kwa kamera ndogo tuliyoazimwa, mwalimu akiwa ni kijana aliyekuwa mwanachuo wetu na aliyeiona ile filamu iliyoharibika. Msomaji wetu wa dawati la nyuma alisoma «ngoma», akasoma «ng'ombe», akasita kwenye neno la tatu, ambalo lilikuwa «ng'oa». Tukarudi kwenye faili ghafi, tukaushusha mwanga wa ubao kidogo na kuuacha uso wa mtoto kama ulivyo, tukatoa upya. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini, na mara ya pili aliyasoma yote matatu.